Naombeni ushauri: nimepewa timu ya wasichana, lakini ninaiongoza kwa sauti isiyo yangu

Mama Kiungo

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga, nina umri wa miaka 34 na watoto wawili, binti wa miaka 14 na mdogo wake wa miezi 11 ambaye bado ananyonya. Kabla ya kujifungua mtoto wa kwanza nilicheza nafasi ya kiungo katika timu ya wilaya, na miezi minne iliyopita, kocha wa timu yetu ya wasichana alipohamishwa kikazi, viongozi waliniomba nishike nafasi yake. Nilikubali kwa furaha kubwa. Leo naandika kwa sababu naona ninakiharibu kitu ninachokipenda.

Kocha aliyenifundisha mimi alikuwa mtu wa kufoka. Sikujua kwamba nilikuwa nimeibeba sauti yake miaka yote hiyo, mpaka niliposimama kando ya uwanja na kuisikia ikitoka kinywani mwangu. Kwa kawaida mimi si mtu wa kelele, na darasani wanafunzi hunisikiliza bila mimi kupaza sauti. Lakini nikishavaa filimbi shingoni, nawaona wale wanaume wanaokaa chini ya mwembe kutazama mazoezi, na moyo unaniambia kwamba nisipofoka watasema mama huyu hana uwezo.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa sare ya bao 1-1. Kipa wetu, msichana wa miaka 16, alitoka langoni kuifuata krosi, akaukosa mpira, tukafungwa. Nilimfokea kwa jina lake mbele ya watu wote, na miongoni mwao alikuwemo mama yake mzazi, aliyekuja kumtazama kwa mara ya kwanza. Wakati wa mapumziko alivua glavu zake, akaziweka kwenye nyasi moja juu ya nyingine, akakaa akiwa ametugeuzia mgongo. Mazoezi yaliyofuata walikuja wasichana 11 kati ya 24. Usiku ule, tukiwa tunaosha vyombo, binti yangu, ambaye ni beki wa kushoto wa timu hiyohiyo, aliniambia, "Mama, ukiwa uwanjani huwa sikujui."

Kuna pia jambo la pili. Katika kikao cha kuandaa safari yetu ya mechi ya ugenini, mwenyekiti aliniuliza kama baba watoto ameridhia nisafiri. Kocha aliyenitangulia ana watoto wanne na hakuwahi kuulizwa swali hilo. Nilijibu kwa aibu, kana kwamba nimekamatwa na kosa, na tangu hapo nimekuwa nikimficha mtoto. Mdogo wangu akimleta uwanjani kunyonya, nakwenda naye nyuma ya madarasa ili wasimwone. Nifanyeje ili niwe kiongozi wa kweli bila kuigiza mtu mwingine, na je, umama wangu niuweke kando nikiwa kazini?

Pete na Goli

Pole, mwalimu, na hongera kwa kuliona tatizo mapema. Nimecheza netiboli kwa miaka 15 na sasa ninafundisha Dodoma, na yaliyokupata yalinipata mwaka wangu wa kwanza. Nilidhani kujiamini ni kitu ambacho mtu huanza nacho, kisha ndipo anafanya kazi. Baadaye niligundua kwamba kwangu kilikuja nyuma ya maandalizi. Siku ninayofika uwanjani nikiwa nimeandika kwenye daftari zoezi la kwanza ni lipi, litachukua dakika ngapi na ninataka wachezaji wajifunze nini, sina haja ya kupiga kelele, kwa sababu najua ninachokitafuta. Siku niliyofika mikono mitupu ndiyo siku niliyofoka. Jichunguze kama na wewe uko hivyo.

Kwa kipa wako nakupa mfano halisi. Ukimwambia "Unafanya nini wewe!" hajapata taarifa yoyote ya kumsaidia, maana hata yeye anajua ameukosa mpira. Mwambie baadaye, mkiwa wawili, kwamba krosi ya namna ile akiamua kutoka atoke moja kwa moja huku akiita kwa sauti ili mabeki wampishe, na kama ana shaka abaki kwenye mstari wake. Kesho yake mpigie krosi 20 za aina hiyohiyo mazoezini. Huo ndio ukali ninaouamini mimi, kurudia jambo mpaka likae, na unaweza kuufanya kwa sauti yako ya darasani.

Wakati wa mapumziko waache kwanza wanywe maji. Mwulize nahodha ameona nini, kisha wewe useme mambo mawili, yasizidi matatu. Kwenye netiboli tuna dakika chache tu kati ya robo na robo, kwa hiyo tumelazimika kujifunza kusema machache.

Baba Rehema

Dada yangu, naheshimu maoni yaliyotangulia, lakini naomba nitofautiane kidogo. Mimi ni mzazi wa mchezaji na nimeona timu za wasichana zikisambaratika kwa sababu kocha alitaka kupendwa na kila mtu, wachelewaji hawakuambiwa kitu, na wale waliokuwa wakifika mapema wakachoka. Usije ukakimbia kufoka ukaangukia kwenye kulea makosa. Tena wanaume walio chini ya mwembe watasema tu, ufoke au usifoke.

Filimbi ya Kagera

Ndugu Baba Rehema ana hoja, ila nadhani tunachanganya ukali na kelele. Mimi ni mwamuzi, na nilipoanza kuchezesha mechi za wanaume nilikuwa nikipuliza filimbi kwa nguvu zote kwa kila kosa, nikidhani ndiyo njia ya kuheshimiwa. Mkufunzi wetu alinikalisha chini akanieleza kwamba filimbi nayo ina lugha. Kosa dogo linahitaji mlio mfupi, na ule mrefu mzito unawekwa kwa ajili ya penalti na rafu mbaya. Nikiumaliza kwenye mpira wa kurusha, nikifika kwenye penalti sina kitu kilichobaki cha kuwaambia. Mwalimu, sauti yako ya juu ni ya siku ambayo mchezaji yuko hatarini, au amemtukana mwenzake.

Wengi wetu tulipata moyo tulipomwona mwamuzi mwanamke, Jonesia Rukyaa, akichezesha Simba na Yanga, mechi ambayo hata waamuzi wazoefu wa kiume huiingia roho mkononi. Halafu mwaka 2022 Salima Mukansanga wa Rwanda akawa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya fainali za Mataifa ya Afrika za wanaume kama mwamuzi wa kati, na mwaka huohuo akawa miongoni mwa waamuzi watatu wa kati wanawake walioteuliwa kwa Kombe la Dunia nchini Qatar. Nilichokitazama kwao ni jinsi walivyosimama karibu na tukio. Mwamuzi aliye mbali ndiye anayelazimika kupiga kelele.

Jambo jingine ni kwamba ukipata nafasi, soma kozi za ukocha, ukianza na leseni ya daraja D ya CAF, yaani Shirikisho la Soka Afrika. Ester Chabruma aliichezea Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, kisha akaingia kwenye ufundishaji na kuiongoza klabu ya JKT Queens. Wasichana wako wanahitaji kujua kwamba njia hiyo ipo, na wanaume wa kikao chako vilevile.

Jirani wa Iten

Salamu kutoka Kenya. Mimi nataka kulijibu swali la umama, kwa sababu huku kwetu wanariadha akina mama ni jambo la kila siku. Catherine Ndereba alijifungua mwaka 1997, na baada ya hapo akashinda mbio za Boston mara 4, mwaka 2000, 2001, 2004 na 2005, na katikati ya miaka hiyo, mwaka 2001, akaweka rekodi ya dunia ya marathoni kule Chicago kwa muda wa 2:18:47. Faith Kipyegon alishinda dhahabu ya mita 1,500 mjini Rio mwaka 2016, akajifungua mwaka 2018, mwaka uliofuata akapata fedha katika mashindano ya dunia Doha, kisha akachukua tena dhahabu ya Olimpiki Tokyo na Paris. Mwaka 2023 pekee alivunja rekodi za dunia za mita 1,500, mita 5,000 na maili moja.

Dada, usiyachukue hayo kama mzigo mwingine wa kukulemea, yaani ukajiuliza mbona wao wameweza. Ukikaa karibu na wanariadha hawa utaona kwamba nyuma ya kila mama anayekimbia yupo mtu aliyembeba mtoto, awe dada, bibi, mume au yaya, na mtu huyo ni sehemu ya maandalizi kama vilivyo viatu. Kwa nini mdogo wako ajifiche nyuma ya madarasa? Mwandike kwenye bajeti ya safari, nauli yake na chakula chake, kama mlivyowaandika wengine.

Ukiulizwa sababu unazo. Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zinampa mchezaji wa kulipwa likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, akilipwa angalau theluthi mbili ya mshahara, na mwaka 2024 kinga hiyo ilipanuliwa hadi kwa makocha. Timu yenu ni ya kujitolea, kwa hiyo kanuni hiyo haiwabani moja kwa moja, lakini inaonyesha kwamba mchezo wenyewe umeshakubali kuwa mama ana nafasi yake kazini. Hata sheria yenu ya ajira ya mwaka 2004 inamruhusu mfanyakazi kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi.

Namba Tisa

Shikamoo mwalimu, na shikamooni wote. Nina miaka 17, ninacheza mpira wa miguu Morogoro, na nimeona hakuna mchezaji aliyezungumza.

Kocha wetu wa sasa ni mwanamke na ni mkali. Ukichelewa unakimbia mizunguko, na hakuna wa kubembelezwa. Lakini hajawahi kumfokea mtu kwa jina mbele ya watazamaji. Tunapobadilisha nguo nyuma ya darasa, wenzetu wawili hushika kanga kutukinga, na yeye alipoona hivyo alikwenda kwa mwalimu mkuu akaomba ufunguo wa stoo. Pia alituambia kwamba msichana akiwa kwenye siku zake na hajisikii vizuri, amguse tu begani aende kukaa, asiulizwe swali mbele ya wale kaka wanaotazama. Tangu hapo hakuna aliyeacha timu.

Kwa huyo dada kipa, mwalimu, naomba umwombe radhi. Ulimkosea mbele ya watu, kwa hiyo radhi nayo iwe mbele ya watu, maana ukimwita pembeni atajua wewe umesamehewa lakini yeye bado wenzake wanamtazama vilevile.

Mama Kiungo

Marahaba, mwanangu Namba Tisa. Nimekusoma zaidi ya mara tatu.

Nimerudi kuwapa mrejesho. Jumanne nilifika uwanjani saa 9 na nusu nikiwa na daftari, na mazoezi yalipoanza saa 10 niliwakusanya waliokuwepo, wote 13. Nilisema kwamba nilimkosea kipa wetu siku ile, kwamba kukosa krosi ni sehemu ya mchezo, na kwamba aibu aliyoipata niliileta mimi. Hakunijibu. Alitazama chini akivuta uzi wa glavu. Kisha tukapiga krosi 20 kama dada wa Dodoma alivyoelekeza, na ya 12 au ya 13 nikamsikia akiita "Wangu!" mpaka mabeki wakagutuka. Alhamisi walikuja 19. Kaka Baba Rehema, wawili walichelewa na wote wawili walikimbia mizunguko, na mmoja wao alikuwa binti yangu.

Filimbi nimeamua kuitumia kwa kuanza na kumaliza zoezi tu.

Jana jioni nilipeleka orodha ya safari kwa mwenyekiti. Ina majina 22, wachezaji 18, mimi, msaidizi wangu, mtu wa huduma ya kwanza, na mdogo wangu. Aliliwekea kidole jina la mwisho akauliza huyu ni nani. Nikamjibu kwamba ni mlezi wa mtoto wangu, nitanyonyesha kabla ya mechi na baada ya mechi, na nauli yake imo kwenye hesabu. Alikaa kimya kidogo, akaomba kalamu, akasaini.