Nimesahau paswedi ya seva ya nyumbani, picha zote za familia zimo humo, naombeni msaada

BabaZai
Wakuu habarini za jioni, mwenzenu nimekwama vibaya. Nina seva hapa nyumbani, si ya kutisha, ni Dell OptiPlex ya mtumba niliinunua Kariakoo nikaiwekea Ubuntu Server 22.04 (Linux ya seva) na diski ya TB 2, inakaa juu ya kabati la vyombo haina hata monita. Humo kuna picha za wanangu toka wanazaliwa, video ya harusi, mahesabu ya stationery ya mke wangu na Jellyfin ya kuangalizia muvi. Sasa mimi toka niifunge nilikuwa naingia na laptop kwa ssh (njia ya kuiendesha seva kutoka mashine nyingine) kwa key tu, lile faili la siri linalokaa badala ya paswedi, na sudo (amri ya kufanya kazi kama bosi wa mashine) niliiwekea isiniulize paswedi (najua, msinitukane), kwa hiyo mwaka mzima paswedi sijawahi kuichapa. Wiki iliyopita mtoto kaimwagia laptop chai ya maziwa, imekufa na key imeondoka nayo. Nimechomeka monita na kibodi kwenye seva, nimejaribu paswedi zote ninazozijua mpaka jina la mbuzi wa bibi, jibu ni lile lile, Login incorrect. Kwenye TV muvi zinacheza kama kawaida kwa hiyo mashine ni nzima. Fundi wa mtaani anasema dawa ni kupiga windows upya, mke wangu akisikia hilo nalala sebuleni. Kuna njia au ndo basi tena?

Chuma_Chakavu
Fomati anza upya, picha utapiga nyingine 😂

MzeeWaNyaya
Huyo hapo juu muache kama alivyo. Mkuu usifomati chochote. Kwanza nijibu, ukiwasha seva, kabla haijafika kwenye login, inakuomba neno jingine lolote la siri? Kama inaomba, basi diski yenyewe ilifungwa kwa LUKS (data yote inageuzwa msimbo usiosomeka) na bila hilo neno ningekupa pole tu. Kama haiombi, una dakika kumi za kazi. La pili, hiyo kibodi ina namba pembeni? Cheki taa ya NumLock, maana Linux ukichapa paswedi haionyeshi hata nyota, unagonga namba kumbe hakuna kinachoingia. Mimi hilo lilinila nusu siku.

BabaZai
Haiombi kitu inaenda moja kwa moja kwenye login. NumLock inawaka, nimejaribu na namba za juu pia, wapi.

MzeeWaNyaya
Safi. Sasa izime kistaarabu, bonyeza kitufe cha pawa mara moja tu usikishikilie, subiri izime yenyewe. Washa, na ikitoka tu nembo ya Dell gonga Esc mara moja (kama imewekwa kwa BIOS ya zamani shikilia Shift badala yake), itakuja menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha. Ukigonga Esc mara nyingi utaangukia kwenye grub> basi usipaniki, riwasha urudie. Ukiwa kwenye ule mstari wa Ubuntu usibonyeze Enter, bonyeza herufi e. Yatatoka maandishi mengi, shuka mpaka mstari unaoanza na neno linux, mwishoni mwake utaona ro, ifute uandike

rw init=/bin/bash

kisha Ctrl+X. Itakupeleka kwenye # bila kukuuliza wewe nani. Hapo andika ls /home uone jina lako la kuingilia, maana wengine hata jina wamesahau, halafu passwd na jina hilo, chapa paswedi mpya mara mbili, sync, halafu reboot -f. Reboot ya kawaida hapo itagoma kwa sababu systemd, inayosimamia huduma zote za Linux, haijaamka. Na hicho ulichobadilisha kwenye GRUB ni cha mara moja tu, ikiwaka tena kinarudi kama zamani.

Kunguru_Mweusi
Mnamfundisha mtu kuvunja kompyuta za watu hivi hivi? Mnajuaje kama si ya ofisini kwao?

MzeeWaNyaya
Kunguru, mtu mwenye boksi mkononi ameshashinda hata tusipomwambia kitu. Anachomoa diski anaipachika kwenye mashine nyingine anasoma kila kitu, paswedi ya login haizuii hilo. Hii kitu haifanyiki kwa mtandao, lazima uwe na kibodi pale pale. Anayeogopa mwizi anafunga diski kwa LUKS siku ya kuinstall, ila ajue kila umeme ukikatika atapanda juu ya kabati na kibodi kwenda kuchapa neno, na huku kwetu atapanda sana.

BabaZai
Nimefika kwenye # lakini wakuu mikono inatetemeka. Mambo mawili. Kwenye ule mstari nimeona root=/dev/mapper/ubuntu--vg-ubuntu--lv, hiyo si ndo kufungwa kwenyewe? Halafu passwd inanipa Authentication token manipulation error.

Dada_Terminal
Kaka tulia. Hiyo mapper ni LVM tu, namna ya kugawa diski, Ubuntu Server inaiweka yenyewe ukienda next next. Na hiyo error ni kwamba ro hujaifuta, umeongeza init pembeni ukaiacha, au vipi? Diski iko katika hali ya kusomwa tu, sasa paswedi mpya iandikwe wapi. Andika

mount -o remount,rw /

halafu rudia passwd.

BabaZai
Kweli niliiacha ro pale 🤦🏾 IMEKUBALI! Imewaka, nimeingia, picha zote zipo. Nimempigia mke wangu dukani akaniuliza "kwani zilikuwa zimepotea?" kumbe sikuwa nimemwambia.

Sasa nimechukua laptop ya zamani ya dukani niingie nayo kwa ssh inanigomea Permission denied (publickey). Nimefungua /etc/ssh/sshd_config nikaweka PasswordAuthentication yes, nimeristart ssh, bado.

Dada_Terminal
Angalia /etc/ssh/sshd_config.d/, humo kuna 50-cloud-init.conf, na nahisi ndani imeandikwa PasswordAuthentication no. Hiyo inasomwa kabla ya faili kubwa, na ssh inashika neno la kwanza inalokutana nalo, kwa hiyo wewe unabadilisha kule mwenzio kashaamua huku. Weka yes, ristart ssh, kwenye hiyo laptop tengeneza key mpya kwa ssh-keygen, ipeleke kwa ssh-copy-id, ukishaingia bila kuulizwa paswedi rudisha no. Halafu ingia authorized_keys, orodha ya key zinazoruhusiwa kwenye seva, ufute key ya ile laptop ya chai.

Pwani_Tech
Nachomekea hapa kwa wenye Synology (boksi la kuhifadhia mafaili la kununua tayari), hayo ya GRUB hayawahusu. Nyuma kuna kitundu cha RESET, ingiza pini ushikilie sekunde 4 mpaka ilie mara moja, achia hapo hapo. Mafaili hayaguswi, ila pamoja na paswedi ya admin, mipangilio ya mtandao nayo inarudi mwanzo, kama uliipa IP yako mwenyewe utaitafuta. Usirudie kubonyeza ukasikia ikilia mara tatu, hapo itakutaka uinstall DSM, mfumo wake, upya.

BabaZai
Dada nakuvulia kofia, lilikuwa lile lile faili. Paswedi mpya nimeiandika ukurasa wa mwisho wa daftari la madeni la dukani. Swali la mwisho kabisa msinichoke, Jellyfin kwenye hii laptop nayo inaniomba paswedi na yenyewe siikumbuki 😭

Dada_Terminal
😂😂 Bonyeza pale pa kusahau paswedi ukiwa kwenye wifi ya nyumbani. Itatengeneza faili linaloanza na passwordreset ndani ya /var/lib/jellyfin, lisome kwa sudo cat, utakuta PIN humo. Safari hii sudo unayo.