Naombeni ushauri: mageuko Kidato cha Nne, asidi Kidato cha Tatu, na maabara hatuna

MwalimuWaKata
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha bailojia na kemia shule ya kata, masomo yote mawili niko peke yangu. Wiki hii nimekwama kotekote.

Jumatatu nilianza mageuko (jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi) na Kidato cha Nne. Sijamaliza hata kuandika kichwa cha mada ubaoni, binti anayeongoza darasa akafunga daftari, akalaza kalamu juu yake, akasema: "Mwalimu, unisamehe, haya siandiki. Mimi sikutokana na nyani." Hakusema kwa kiburi, machozi yalikuwa yanamlenga. Wengine nao wakafunga. Nikawaambia mada hii inatoka kwenye mtihani, basi wakaandika, lakini walinakili tu.

Kidato cha Tatu wako kwenye asidi na besi. Karatasi za litmasi ziliisha muhula uliopita, na chupa iliyobaki stoo lebo imefutika, siigusi. Wanakariri kwamba asidi hugeuza litmasi ya buluu kuwa nyekundu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona hiyo litmasi. Nisaidieni, hasa hilo la mageuko. Linaniuma.

Chaki_Nyeupe
Pole sana mwalimu. La asidi lina dawa sokoni. Nunua choya kavu, chemsha, chuja, acha ipoe. Gawa kwenye vikombe vya plastiki. Kimoja kamulia ndimu, nyekundu inazidi kung'aa. Kingine tia maji ya magadi yale ya kupikia maharage, rangi inageuka kijani cheusicheusi mbele ya macho yao. Halafu mwaga ndimu kidogokidogo kwenye kile cha magadi: povu linapanda, hiyo ni kabonidayoksaidi, na wekundu unarudi. Hapo umefundisha kiashiria (kinachobadili rangi), besi na ubatilisho (asidi na besi kuuana nguvu) kwa kipindi kimoja.

Usithubutu kuleta maji ya betri darasani, ile ni asidi ya salfuriki. Na wafundishe mapema: asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi.

Kipepeo_77
Mageuko ruka mkuu. Wape maswali ya miaka iliyopita wakariri, maisha yaendelee.

Ustadhi_Bailojia
Kipepeo, hapana. Mtoto aliyelia darasani anastahili kujibiwa.

Mwalimu, mimi asubuhi nafundisha bailojia, jioni nafundisha madrasa. Kwanza, mwambie binti yako kwamba hayo aliyoyakataa hata sayansi haiyasemi. Hakuna nyani wa leo aliyemzaa mtu. Kinachosemwa ni kwamba binadamu na sokwe wana mhenga mmoja aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita, kama wewe na binamu yako mlivyo na babu mmoja. Binamu yako si babu yako. Pili, usiwaulize kama wanaamini. Waulize ushahidi unaonesha nini. Laetoli kuna nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili, kwenye majivu ya volkano yenye umri wa miaka milioni 3.6. Ziligunduliwa mwaka 1978, hapahapa kwetu Tanzania. Waeleze, wachore, wabishane. Imani zao waache nazo, usiziguse.

Nesi_KandaYaZiwa
Mimi ningeanzia kwenye malaria, maana kila nyumba inaijua. Waulize bibi zao walitibiwa kwa dawa gani: klorokwini. Ilikuja kushindwa kwa sababu vimelea vichache vilivyoihimili ndivyo vilivyobaki vikazaana. Mwaka 2001 ikaja SP (dawa ya sulfadoksini na pirimethamini), nayo ikachoka, 2006 sera ikahamia dawa mseto. Huo ni uteuzi asilia, na umetokea wazazi wao wakiwa hai. Kisha siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Aliyerithi jeni (chembe ya urithi) moja tu ya ugonjwa huo analindwa dhidi ya malaria kali, aliyerithi mbili anaumwa. Ndiyo maana jeni hiyo imedumu kwenye maeneo yenye malaria. Ila ongea taratibu, darasani anaweza kuwepo mwenye ndugu mgonjwa.

Chaki_Nyeupe
Nesi kanikumbusha kitu kinachounganisha madarasa yako yote mawili. Ziwa Magadi kule Kenya, jirani na Ziwa Natron letu, maji yake ni alikali kali, pH (kipimo cha asidi na besi, 7 ikiwa katikati) inakaribia 10. Samaki wengi hutoa taka kama amonia kupitia matamvua, lakini kwenye maji ya namna hiyo amonia haitoki, ingewaua. Humo wanaishi perege wadogo wanaoigeuza kuwa urea. Waulize Kidato cha Nne samaki hao waliwezaje kuishi pale, na usiwape jibu haraka.

MwalimuWaKata
Asanteni sana, Mungu awabariki. Ustadhi, hilo la binamu namfikishia binti kesho kabla ya kipindi, tukiwa wawili, nje ya darasa. Kisha naanza upya na klorokwini. Chaki, swali moja: maji ya choya nikiyapika leo usiku yatafika Alhamisi?

Chaki_Nyeupe
Bila friji yataota ukungu. Pika asubuhi ileile, na uweke akiba. Kuna watakaotaka kurudia.