Kutoboa tailizi nyumbani: grenda, kikombe cha almasi au waya?

Mwana_wa_Fuoni
Assalamu alaykum wanajamvi. Nataka kutoboa tailizi za chooni na jikoni mwenyewe, matundu ya paipu na nafasi za soketi. Darajani nimeonyeshwa grenda ndogo na diski yake ya almasi, na seti ya vikombe vya almasi vya kufunga kwenye drili. Pesa yangu inatosha kimoja tu. Kipi nichukue?

Mtu_wa_Mkoani
Waalaykum salaam. Sheikh, bado hujasema kitu. Tailizi za kawaida au poselini? Zishabandikwa au zimo bado kwenye boksi? Tundu lipo katikati au ukingoni? Drili unayo?

Fundi_Bububu
Chukua grenda, usiumize kichwa. Soketi ndiyo kazi yake. Kama hujabandika, chora na ukate mgongoni. Diski ni duara, kwa hiyo mkato huwa mrefu upande inapoingilia. Ukiingilia mgongoni, urefu ule unabaki huko huko na pembe za mbele zinatoka sawasawa.

Bi_Jambiani
Kaka Fundi, hapo kwenye pembe naomba nisikilizwe, maana yamenifika. Nilimwita fundi akanikatia nafasi za soketi jikoni kwa grenda, pembe nne kali, mikato imepishana kila kona. Siku ile zilipendeza. Alipokuja mtu wa umeme kukaza skrubu za soketi, ikatoka ufa kuanzia kwenye kona mpaka ukingoni. Baadae ikapasuka ya pili, na nyengine juu ya sinki. Fundi akashikilia kuwa ukuta umetembea. Ukuta gani unaotembea kwenye kona za soketi tu? Nyufa zote zilianzia pale mikato ilipopishana. Kurudi dukani, mzigo ule umekwisha, uliokuja jina ni lile lile lakini rangi imepishana. Ikabidi nibandue safu nzima. Fundi wa pili alianza kwa kutoboa tundu dogo kila kona, ndipo akaziunganisha kwa mkato usiovuka tundu. Hizo mpaka leo hazijapasuka. Ukinunua grenda bila ya biti ya kutobolea kona, umenunua nusu ya kifaa.

Chake_Kwetu
Mbona hamuutaji waya wa kukatia? Ule wa mviringo wenye chenga ngumu, unafungwa kwenye fremu ya msumeno wa chuma. Toboa tundu, pitisha waya, funga fremu, kata hata duara. Bei ndogo, nyumba haijai vumbi, na umeme ukikatika kazi inaendelea. Mie sitaki chengine.

Fundi_Bububu
Kwa poselini utakesha. Ile imeshindiliwa hata maji haiyanywi, haifiki asilimia 0.5 ya uzito wake. Na fremu yako itapita vipi kwenye tailizi iliyokwisha kubandikwa?

Mwana_wa_Fuoni
Ahsanteni. Za ukutani ni za kawaida, sentimita 30 kwa 60, na za jikoni zishabandikwa. Za chini dukani wamesema poselini. Drili ninayo.

Mtu_wa_Mkoani
Sasa tunaelewana. Za jikoni waya haufai tena, zishabandikwa. Kwa paipu chukua vikombe. Paipu ya chuma ya nusu inchi nje ni milimita 21 na kidogo, kikombe cha 25 kinatosha na kofia ya mfereji itafunika. Vingi havina biti ya katikati, ukikisimamisha wima kinateleza na kukwaruza mng'aro. Kilaze nyuzi 45 hivi, kikishang'ata kisimamishe polepole. Zima nyundo ya drili, enda mwendo mdogo, na tia maji kidogo kidogo, la sivyo almasi inaungua.

Fundi_Bububu
Na grenda vile vile, mtu amwagie maji huku unakata. Vumbi linatulia.

Mtu_wa_Mkoani
Hasha! Grenda ya mkono haikutengenezwa kwa maji, na umeme wetu ni volti 230. Tumia diski ya kukatia kikavu, katia nje, vaa miwani na barakoa nzuri. Vumbi lile lina silika, linadhuru mapafu.

Fundi_Bububu
Tumefanya miaka yote, hakuna aliyekufa.

Bi_Jambiani
Mapafu hayaharibiki siku moja, kaka. Mwana wa Fuoni, nyumba ni ya matofali au ya mawe? Shangazi yangu Mji Mkongwe alitobolewa ukuta kwa nyundo ya drili, chokaa ikamwagika upande wa pili.

Chake_Kwetu
Ukuta wa mawe na chokaa hautaki tailizi kabisa. Unyevu unakosa pa kutokea, unapanda juu, plasta inabanduka. Na Mji Mkongwe huanzi matengenezo bila ya kibali cha Mamlaka ya Hifadhi.

Fundi_Bububu
Choo hicho ukipake nini basi? Chokaa na maji ya kuoga kila siku?

Chake_Kwetu
Niru, ile chokaa laini ya kumalizia ukuta. Wazee walijengea mabirika kwa chokaa na maji hayakuvuja.

Fundi_Bububu
Nionyeshe kijana mmoja anayejua kupiga niru leo kwa bei ya tailizi.