Roboti ya upasuaji wa mfumo wa mkojo: uchovu wa nani utapungua?

Sista wa Kirumba

Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji hapa Mwanza, na kati ya miaka 14 niliyofanya kazi hii, tisa nimeitumikia upande wa mfumo wa mkojo, yaani tezi dume, kibofu na figo. Wiki iliyopita tulikuwa na kikao cha idara, na mmoja wa viongozi wetu, aliyekuwa amerejea kutoka ziara ya mafunzo nje ya nchi, alituonyesha video ya tezi dume ikiondolewa kwa mikono ya roboti huku daktari ameketi pembeni mfano wa fundi cherehani. Alimalizia kwa kusema kwamba siku mashine hiyo itakapotufikia, watumishi tutausahau uchovu tunaoulalamikia.

Sikupinga palepale kwa sababu mashine yenyewe siijui. Ila neno hilo halijaniacha, maana Alhamisi iliyotangulia tulikuwa na wazee watatu wa tezi dume, wote wa kufunguliwa tumbo, na wa tatu aliingia saa kumi jioni. Umeme ulikatika daktari akiwa na kidole ndani ya kibofu, anaibandua tezi. Tulibaki gizani, mimi nimeshikilia chuma cha kupanulia jeraha, yeye hakuutoa mkono wake, na hakuna aliyesema neno mpaka jenereta ilipowaka. Nilipofika nyumbani na kuvua soksi, alama zake zilikuwa zimezama kwenye miguu iliyovimba, na mwanangu mdogo akapitisha kidole juu yake akaniuliza kama zinauma. Asubuhi saa moja nilikuwa mezani tena, kwa kuwa mwenzangu yuko likizo ya uzazi na nafasi yake haikujazwa.

Naomba walioikaribia mashine hiyo wanieleze: uchovu unaopungua ni wa nani, na sisi tunaosimama mezani tuulize nini kabla haijanunuliwa?

Daktari wa Mkojo, Nyegezi

Dada yangu, pole kwa Alhamisi hiyo. Nilikaa mwaka mmoja India nikiongeza ujuzi, na upasuaji wa roboti niliushuhudia karibu kila siku, hivyo nitaeleza nilichokiona bila kutia chumvi.

Roboti haipasui yenyewe. Daktari huketi kwenye kituo cha kuongozea, huweka uso kwenye kioo kinachomwonyesha ndani ya nyonga kwa kina na kwa ukuzaji wa takriban mara kumi, na anachokifanya kwa vidole hufuatwa na vyombo vyembamba vilivyopenyezwa kwenye matundu ya tumbo, ambavyo ncha zake hujikunja kama kifundo cha mkono. Mashine ya da Vinci, iliyo maarufu kuliko nyingine, iliidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2000, na mwaka uliofuata ikaruhusiwa kwa tezi dume, kiungo kilichojificha nyuma ya mfupa wa kinena mahali ambapo mkono wa mtu hubanwa.

Kwa daktari, nafuu ipo. Anayefanya upasuaji wa matundu kwa vyombo virefu vya kawaida husimama amejipinda, mabega juu, kwa saa nyingi, ilhali kwenye kiti kile mgongo hupumzika, ingawa shingo na vidole gumba huendelea kulalamika. Lakini hiyo ni nafuu ya mtu mmoja chumbani. Msaidizi husimama ubavuni mwa mgonjwa, amebanwa katikati ya mikono ya mashine, akinyonya damu na kubadilisha vyombo. Muuguzi huivalisha mikono hiyo plastiki iliyotakaswa kabla ya kila mgonjwa, na hufuatilia idadi ya matumizi ya kila chombo, kwa sababu kikifikisha kikomo kilichowekwa mashine hukikataa. Baada ya hapo vyombo hivyo, vyenye njia nyembamba ndani yake, husafishwa kwa subira ambayo sijaiona ikiandikwa kwenye ratiba ya mtu yeyote.

Kwa upande wa mgonjwa, utafiti wa Brisbane, Australia, uliochapishwa mwaka 2016, uliwagawa wanaume 326 wenye saratani ya tezi dume kwa kura, nusu wakafunguliwa tumbo na nusu wakafanyiwa kwa roboti. Baada ya wiki 12, uwezo wa kuzuia mkojo na nguvu za kiume haukutofautiana kati ya makundi hayo, ingawa wa roboti walipoteza damu kidogo kuliko waliofunguliwa tumbo. Uingereza nako, mwaka 2022, wagonjwa waliotolewa kibofu kwa saratani walifuatiliwa kwa siku 90: wa roboti walikuwa hai na nje ya hospitali kwa siku 82, wenzao waliofunguliwa tumbo siku 80, na matatizo ya jeraha yalikuwa asilimia 5.6 dhidi ya 16. Hapo ndipo ninapomwona muuguzi akipata nafuu ya kweli, ila ni muuguzi wa wodi mwenye vidonda vichache vya kusafisha, si wewe wa mezani.

Niongeze moja linaloniuma. Wagonjwa wetu wa saratani ya kibofu kutoka vijiji vya mbali kidogo na ziwa, kama vya Kwimba na Misungwi, ambako kichocho cha mkojo huambukizwa kwenye malambo na majaruba ya mpunga, hutufikia wakiwa wamekojoa damu kwa muda mrefu. Kichocho hicho kilitambuliwa rasmi kuwa kisababishi cha saratani mwaka 1994. Aliyechelewa namna hiyo ndiye anayetusimamisha hadi usiku, na mara nyingine tunafunga tumbo bila kuondoa kitu. Siku kama hiyo hakuna kiti kitakachonipumzisha, na vidonge vya kichocho, kama vingetolewa shuleni miaka ishirini nyuma, vingetusaidia sote kuliko roboti.

Mtu wa Usingizi, Bukoba

Nakubaliana na daktari, nami naongeza machache ya upande wetu wa dawa za usingizi. Katika upasuaji wa tezi dume kwa roboti, mgonjwa hulazwa kichwa chini kwa mteremko wa nyuzi 25 hadi 30, tumbo lake hujazwa hewa ya kabonidioksidi, na juu yake hutanda mikono ya mashine. Moyo ukisimama, kifua chake hakifikiki vizuri mpaka vyombo vitolewe na mikono iondolewe. Kwa hiyo timu hulazimika kurudia mara kwa mara zoezi la kuiondoa mashine kwa haraka, na zoezi la namna hiyo linataka watu waliolala usiku.

Kuna na suala la kuonana. Daktari yuko upande mwingine wa chumba, uso umezama kwenye kioo, sauti yake unaisikia kwenye spika. Sista, gizani siku ile uliujua utulivu wa daktari kwa kuwa mlikuwa bega kwa bega. Kwenye roboti kila ombi lazima litamkwe na lirudiwe na aliyelipokea, vinginevyo watu hufanya kazi kwa wasiwasi, na wasiwasi huo unachosha.

Kijana wa Sengerema

Mimi si mtaalamu, ila baba yangu alipasuliwa tezi dume, na usiku wa kwanza nilikuwa naye. Mpira wake wa mkojo uliziba kwa mabonge ya damu, tumbo likaanza kujaa, naye akawa ananishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Muuguzi alikuwa mmoja kwa wodi nzima. Alikuja anakimbia, akavuta mabonge kwa bomba la sindano mpaka maji yakaanza kutiririka yakiwa mekundu hafifu, akamfuta baba jasho, akaondoka anakimbia. Alfajiri nilimkuta amelaza kichwa juu ya mafaili, kalamu ingali mkononi. Nikiulizwa pesa ziende wapi kwanza, nitasema apatiwe mwenzake wa zamu ya usiku, kwa sababu upasuaji wa baba ulikwenda vizuri na hatari tuliipata baadaye, wodini.

Metroni Mstaafu, Musoma

Sista, mwanangu, nimekusoma mara mbili. Nilistaafu baada ya miaka 31, na ninachotaka kukuambia ni kwamba uchovu wa miguu si wa kuogopwa kama ule mwingine. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza dalili tatu za kuchoshwa na kazi kupita kiasi: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na mtu kuona kwamba hafanyi la maana tena. Ile ya pili niliifahamu kwa wauguzi wangu kwa lugha yao, pale mzee mwenye jina na wajukuu alipogeuka kuwa "kitanda cha nane".

Mwaka mmoja tulimpoteza mgonjwa mezani kwa kutoka damu. Binti aliyekuwa akihesabu vitambaa alimaliza kuhesabu, akaandika, akasaidia kufuta sakafu, na dakika arobaini baadaye nilimpanga kwa mgonjwa mwingine kwa kuwa sikuwa na mtu. Sikumwuliza hali yake. Baada ya miezi miwili aliomba kuhamia kliniki ya watoto, nikamsainia nikidhani ameichoka kazi ya mezani. Daktari Albert Wu wa Marekani aliandika mwaka 2000 kuhusu watumishi wanaoumia moyoni baada ya kosa la tiba, akawaita waathirika wa pili, jina linalomfaa hata asiyekosea kama yeye, na mimi niliusoma ujumbe huo nikiwa nimeshachelewa kwa binti yule.

Kwa hiyo ulizeni mambo ya hesabu, na yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Mkataba wa matengenezo ya mashine utalipwa kutoka fungu gani, na je, ni fungu lilelile linalolipa posho za kuitwa usiku? Nani atashika nafasi za wauguzi watakaopelekwa mafunzoni? Na anayetoka kwa mgonjwa aliyefariki, atapewa muda gani kabla ya kunawa kwa ajili ya mwingine? Hilo la mwisho halisubiri roboti.

Sista wa Kirumba

Shikamoo mama, na asanteni nyote. Kikao kinaendelea Jumatatu, na nimeshanakili maswali yako matatu kwa mkono ili niyasome kama yalivyo. Nimemwonyesha daktari wetu maelezo ya mwenzake wa Nyegezi, naye amekubali kusimama nami katika hoja ya mwenzangu wa likizo ya uzazi, kwamba ajaziwe nafasi kwa muda hata kabla ya mazungumzo ya mashine kuanza. Jana, baada ya mgonjwa wa pili, yeye mwenyewe aliagiza tutoke sote, pamoja na mhudumu wa usafi, tukakaa dakika kumi kwenye benchi la nje na chai. Wa tatu aliingia amechelewa kwa dakika hizo kumi, na alitoka salama. Nitawaletea majibu ya Jumatatu hapahapa.