MJADALA: Johnny Carson angekuwepo leo, angeweza kukaa bila kuegemea upande?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hoja.

Kwa asiyemjua, Johnny Carson aliendesha kipindi cha usiku cha The Tonight Show, kituo cha NBC cha Marekani, kuanzia Oktoba 1962 hadi Mei 1992. Miaka 30! Marais saba walipita, toka Kennedy hadi Bush mkubwa. Kashfa ya Watergate ilipolipuka, Rais Nixon alitaniwa sana, lakini mtazamaji hakuelekezwa ampigie nani kura.

Mimi naamini hapo ndipo penye siri ya kutochuja kwake. Watangazaji wengi wa sasa wa vipindi vya usiku kule Marekani wanafungua kwa siasa na unajua mapema watamalizia wapi. Carson alikuachia nafasi.

Tafuteni kipande cha 1987. Kaja mama mmoja, mkaguzi katika kiwanda cha kaukau za viazi, na mkusanyiko wake wa kaukau zenye sura za watu na wanyama. Anazitunza kama dhahabu. Kageuza kichwa kidogo tu, anasikia kra! Carson anatafuna. Mama karibu azimie. Kumbe jamaa alikuwa na bakuli lake pembeni, na akawahi kumwonyesha kabla moyo haujamtoka. Wote wakacheka, mama mwenyewe akiwemo. Nimekitazama mara nyingi na bado sijaona mahali ambapo yule mama amedharauliwa.

Hata utani ukibuma, aligeuka akaitazama kamera kimya, na watu wakacheka hapo hapo.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, heshima yako, ila nakupinga. Kutoegemea upande ilikuwa biashara. Enzi zile Marekani ilikuwa na vituo vikubwa vitatu tu, kwa hiyo ukimuudhi Mrepublican au Mdemokrati umepoteza nusu ya nchi. Halafu mtu mmoja alishika ufunguo wa mlango wa wachekeshaji wote. Ukimaliza kuchekesha akakuita kwenye kochi, maisha yamebadilika. Asipokuita, rudi nyumbani. Ellen DeGeneres alipoitwa 1986 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo mara ya kwanza tu kutokea. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi toka 1962.

Na mchekeshaji Joan Rivers je? Alikuwa akimshikia kipindi rasmi toka 1983. Mwaka 1986 akapata kipindi chake kituo pinzani cha Fox, Carson akamnunia hadi Carson mwenyewe alipofariki 2005. Huyo ndiye unayesema hakuwa na upande?

Mleta mada

La Rivers silitetei, na linaniuma, maana yule mama alimpa miaka yake mizuri.

Lakini hoja ya vituo vitatu inaeleza kwa nini Wamarekani walimtazama wakati ule. Haielezi kwa nini mimi, mwenye dunia nzima kwenye simu, nimekesha naye wiki hii. Na kanda nyingi za miaka yake ya mwanzo zilifutwa. Ninachotazama ni masalia.

Kwenye neno "upande" nijirekebishe. Mwaka 1973 alikuja Uri Geller, aliyedai anapinda vijiko kwa nguvu za akili. Carson alicheza mazingaombwe toka ujana wake, akatuma watu wamuulize mwanamazingaombwe James Randi vifaa viandaliwe vipi ili kusiwe na ujanja. Geller akahangaika zaidi ya dakika 20, hakuna kilichotokea. Carson hakumzomea wala hakumwita tapeli. Alikaa, akamsubiri kwa adabu, kamera ikiendelea.

Kwa hiyo upande alikuwa nao. Alichokuwa nacho zaidi ni imani kwamba mtazamaji ana macho. Mnaonipinga, nileteeni kipande kimoja cha watangazaji wa sasa ambapo mtu ameachiwa aone mwenyewe namna ile, dakika 20, bila kutafsiriwa. Nitakitazama chote.