Naomba ushauri: bosi anabana mpaka klorini
Habari za jioni wakuu. Mimi ni muuguzi, nasimamia wodi ya wazazi kwenye kahospitali binafsi huku Mwanza. Nimebebeshwa na kamati ya kuzuia maambukizi. Kamati yenyewe ni mimi na mtu wa maabara.

Hela za bima zinachelewa, mkurugenzi kabana kila kona. Hilo namwelewa. Lakini juzi nimemkuta mhudumu anamimina kikombe kimoja cha jiki kwenye ndoo ya lita 20. Jiki ya asilimia 3.5 ni kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, ndiyo upate ile klorini ya asilimia 0.5 ya kuloweka vyombo dakika 10. Akanijibu, "Sista, dumu hili nimeambiwa lifike mwisho wa mwezi." Maji yale hata harufu hayana. Seti za kuzalishia ziko nne tu; usiku wakija wazazi watano, otoklevu (ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) haisubiriwi, vifaa vinachemshwa kwenye sufuria basi.

Na mama wa watu kwenye risiti kalipia "vifaa safi". Hapo ndipo usingizi unakata.

Nimesema kwa mdomo mara mbili, nikaambiwa nisilete siasa. Nina watoto wawili wanasoma. Niandike barua kwanza nibaki na nakala, au niende moja kwa moja kwa mganga mkuu wa wilaya? Na kuna aliyewahi kumgeuza bosi kwa hesabu, kwamba kidonda kimoja kilichooza kinakula hela kuliko madumu ya jiki? Alianzaje?