Kampuni imetuuzia Kilimanjaro siku 7 kwa Machame, ikatupandisha siku 5 kwa Marangu, mwenzetu nusura afe na hela hawarudishi

Wakuu habari za jioni. Mods naombeni uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za utalii wa ndani, hapa naongelea mtu aliyekaribia kufa mlimani kwa tamaa ya watu waliokaa kwenye kiyoyozi hapa hapa mjini. Nitaandika kwa kuruka ruka, mtanivumilia, tangu tumerudi hasira haijashuka.

Sisi ni klabu ya jogging, wengi tunakaa Tabata, Segerea na Kinyerezi. Jumamosi tunakimbia, siku nyingine tunaenda kupanda vilima vya kule Pugu. Tukaamua tupande Kilimanjaro, tukaanzisha kikoba cha safari na watu wamejinyima kweli kweli, kuna mama kati yetu anauza supu na chapati asubuhi, alikuwa analeta elfu tano tano mpaka ikatimia. Tukapata kampuni yenye ofisi hapa Dar, jina sitaji kwa sasa kwa sababu ya hatua tunazochukua. Tangazo lao ninalo, skrinshoti zote ninazo: njia ya Machame, siku 7, mahema, chakula mara tatu, mtungi wa oksijeni, muongozaji mmoja kwa wateja wawili, bei ya mzawa milioni moja na laki saba kwa kichwa. Dada wa mauzo kila ukimuuliza kitu jibu ni moja tu, "kaka usijali, kila kitu kimo humo humo kwenye bei".

Hiyo Machame siku 7 hatukuichagua kwa ajili ya mapicha. Kwenye klabu tuna nesi, alikaa na sisi akatueleza kabla hata hatujalipa. Mtu anayetoka Dar anatoka usawa wa bahari. Ukifika Uhuru, kileleni kabisa, mita 5,895, kila pumzi unayovuta ina karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata ukiwa umekaa Coco Beach. Mwili unaweza kuzoea lakini unataka muda, na kuwa fiti hakukusaidii hapo, mkimbiaji wa marathoni anaweza kuzidiwa akamwacha mzee wa kitambi anaendelea. Vidonge vya Diamox vinasaidia mwili uzoee haraka kidogo ila havizibi pengo la siku mbili zilizoibiwa. Madaktari wanaoshughulika na mambo ya milima wanashauri ukishavuka mita 3,000, pale unapolala leo pasizidi ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne usipande, upumzike.

Machame ya siku 7 nayo haifuati ushauri huo mwanzo mwisho, lakini ina kitu. Siku ya tatu wanakupandisha mpaka Lava Tower, kama mita 4,600, unakaa pale kichwa kinagonga, halafu wanakushusha ukalale Barranco kwenye mita 3,900 hivi. Mwili umeonja juu, unalala chini. Kesho yake Karanga, taratibu, kesho kutwa Barafu ndo usiku wake unaenda kileleni. Hicho ndicho tulichokilipia. Tulilipia siku, wakuu. Kwenye mlima ule siku ndiyo dawa yenyewe, mahema na chakula vinakuja baadaye.

Sasa sikilizeni. Usiku wa kuamkia kupanda, tuko Moshi, tumechoka na basi, anakuja jamaa ambaye hatujawahi kumwona, kavaa fulana ya kampuni nyingine kabisa, anasema yeye ndo atatupandisha. Kumbe tumeshauzwa! Ofisi ya Dar imekata chake ikatusukumia kwa kampuni ya huko kwa bei ya kutupa, na kwa hela aliyopewa huyo jamaa hesabu ya siku 7 haikubali, kwa hiyo tunaenda Marangu, siku 5. Anatuambia Machame imejaa. Asubuhi yake wageni tuliolala nao lodge moja wakapakia mizigo wakaondoka kwenda Machame mbele ya macho yetu.

Tukapiga simu Dar. Meneja anasema tushukuru, Marangu tutalala kwenye vibanda sio kwenye mahema, ni njia rahisi, wenyewe wanaiita Coca-Cola. Na tofauti ya hela je? "Tutaongea mkirudi." Watu wameomba ruhusa kazini, hela imelipwa yote, vibali vimetolewa kwa njia hiyo, ndo wakati wanaokuambia ukiwa huna pa kugeukia, na wanajua.

Naombeni mziangalie hizi namba wenyewe. Usiku wa kwanza Mandara, mita 2,700. Wa pili Horombo, 3,700. Wa tatu Kibo, 4,700. Kila siku unaongeza mita elfu nzima, mara mbili ya kile madaktari wanachosema, halafu usiku huo huo wa tatu, hujalala hata masaa manne, unaamshwa upande mita 1,200 nyingine kwenye changarawe na giza. Hata hiyo Marangu yenyewe ina mpango wa siku 6 ambapo unakaa Horombo usiku wa pili, mchana wanakutembeza mpaka kwenye yale mawe ya pundamilia unarudi kulala pale pale. Siku hiyo moja nayo wameikata. Sio kwamba hawajui, wanajua kuliko mimi, wageni wao kutoka Ulaya hawawauzii siku 5.

Kibo ndo balaa lilipotokea. Yule mama wa supu alianza kuumwa kichwa toka Horombo, akaambiwa ni uchovu, akapewa chai ya tangawizi. Kufika Kibo anatapika hata maji. Nesi wetu alibeba kile kidude cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, chake mwenyewe, maana cha kampuni hakikuwepo, akatupima wote, wengi tuko asilimia sabini na kitu hadi themanini, tunahema ila tuko sawa, mama akasoma 61. Tukafikiri kidude kimekosea, tukampasha vidole, tukarudia, 61. Nesi akamwambia atembee kwenye mstari wa mbao za sakafu, kisigino kiguse vidole vya mguu wa nyuma. Hatua mbili tu akaenda upande, akashika kitanda, akasema "mbona nyumba inacheza". Mama ambaye hajawahi kuonja hata bia maishani mwake anayumba vile. Nesi akasema hapa ubongo unaanza kuvimba, anashuka sasa hivi, hatusubiri asubuhi.

Tukaomba mtungi wa oksijeni. Upo, wakauleta, umefungwa kwenye gunia la viazi. Mshale umelala kwenye sifuri. Muongozaji mkuu akaufungua, hakuna hata mlio. Barakoa yake mpira umekatika umefungwa na kamba ya kiatu. Hicho ndo kile "mtungi wa oksijeni" cha kwenye tangazo, kimebebwa mgongoni na binadamu kutoka getini mpaka mita 4,700 kikiwa kitupu ili kiwepo tu kwenye picha.

Aliyemuokoa ni kijana mmoja muongozaji msaidizi. Bosi wake anasema tusubiri kuche, yeye akasema kama ni kazi nipoteze, akaenda kuwaamsha askari wa hifadhi, wakaleta kile kitanda cha chuma chenye tairi moja katikati, wakamfunga na blanketi na mikanda, watu sita wanakishika pembeni wanakimbia nacho gizani kuelekea Horombo, tairi linaruka kwenye mawe, mama analia jina la mtoto wake. Walipofika chini akaanza kuongea vizuri hata hakuwa amepewa dawa yoyote ya maana, hewa tu. Asubuhi akashushwa mpaka getini, akapelekwa hospitali Moshi, alilala huko, sasa hivi yupo nyumbani na anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu.

Na hapo getini kampuni ikatudai hela ya gari la kumpeleka hospitali! Hela ya gari! Tukachanga sisi.

Lawama zangu haziwagusi wagumu, yaani wapagazi wanaobeba mizigo, niseme mapema kabla mtu hajaja kuwatukana. Wale watu wamefanya kazi ya kiume na wao wameibiwa kama sisi. Sheria ya mlima mgumu asibebeshwe zaidi ya kilo 20 za mzigo wa kampuni, na pale getini mizigo inapimwa kweli kwenye mizani, nimeona kwa macho yangu. Ila tulipopita mizani mwendo kidogo, vijana wawili wakashusha mizigo yao ikagawanywa kwa wenzao, wao wakageuka kurudi, walikuja kupimiwa tu. Kijana aliyebeba begi langu alikuwa amevaa raba za kitambaa, soli imeachia mbele, kaifunga na waya. Kiwango cha chini kinachotajwa miaka yote kwa mgumu ni dola 10 kwa siku. Alinitajia anacholipwa yeye, sitakiandika hapa asije akajulikana, ila hakifiki hata karibu, na siku zikikatwa kutoka 7 kuwa 5 na yeye mshahara wake umekatwa siku mbili. Wanaambiwa watajazia kwa bakshishi ya wateja. Wateja wenyewe ndo sisi wa kikoba.

Tulivyorudi Dar tukaenda ofisini. Tumekaa kwenye kochi nusu saa, meneja anatoka anatuambia nini? "Nyie wazawa mlima wenu, miili yenu imezoea, siku 7 ni za wazungu." Nilitamani kupindua meza. Mzawa wa wapi? Mtu amezaliwa Temeke, Amezaliwa Ilala, amekulia kwenye joto na chumvi, mapafu yake yana tofauti gani na ya mtu wa Amsterdam? Wote tumetoka usawa wa bahari. Kitambulisho cha NIDA hakiongezi oksijeni. Bei ya mzawa ni nafuu kwa sababu serikali imetupunguzia ada za hifadhi sisi raia, sio kwa sababu tumepunguziwa haki ya kurudi wazima. Hilo punguzo la ada ni la kwetu, wao wanatumia kama kisingizio cha kukata siku, kukata oksijeni, kukata waongozaji (tulipewa mmoja kwa wateja watano), halafu wanaenda mtandaoni wanaandika "Tanzania ni yetu, tuitembelee".

Madai yetu yapo kwa maandishi na barua wameipokea kwa muhuri: warudishe tofauti ya siku mbili kwa kila mtu, walipe gharama zote za hospitali na gari, na waache kuuza huo mpango wa siku 5 kwa watu wanaotoka pwani bila kuwaambia hatari yake. Wametujibu kwa WhatsApp kwamba watatupa "ofa" ya Mikumi. Hatutaki Mikumi. Malalamiko tunayapeleka Tume ya Ushindani, na kwa wanaotoa leseni za utalii tunawaandikia pia, na risiti na ile video ya mtungi mtupu tunaambatanisha.

NYONGEZA: naona maswali yamekuwa mengi.

Mkuu uliyesema mbona watu wanapanda kwa siku 5 na wanafika, kweli wanafika, hata kwetu watatu walifika Uhuru. Wengine tuligeuka Gilman's, ukingoni mwa kreta kabla ya Uhuru, na wengine hawakutoka Kibo. Hoja yangu ni kwamba sisi tulilipia siku 7, na tuliambiwa tumebadilishiwa njia usiku wa mwisho.

Uliyesema tunauchafua mlima kwa wageni, hapana ndugu yangu, mimi nataka watu waende, mle ndani ni kuzuri kuliko unavyoona kwenye picha, ule msitu wa Mandara na yale mawingu yapo chini yako asubuhi, kila Mtanzania anastahili kupaona. Nataka aende kwa siku zinazotosha na mtungi wenye hewa.

Dada uliyeuliza utajuaje kabla ya kulipa: omba jina la kampuni itakayoandikwa kwenye kibali cha KINAPA (Hifadhi ya Taifa Kilimanjaro), lifanane na la kwenye risiti yako, kama hawataki kulitaja kimbia. Wawaandikie kila usiku mnalala wapi na mita ngapi. Mtungi waufungue mbele yako usikie unalia, ukiwa bado mjini Moshi. Na waulize wagumu wanalipwa shilingi ngapi na lini.

Wale mliolipia safari ya tarehe 9 Desemba ya Uhuru kwa kampuni yenye ofisi ghorofa ya pili na tangazo la njano, njooni inbox leo kabla hamjamalizia hela iliyobaki, niwatumie ratiba waliyotupa sisi mlinganishe na ya kwenu.